Itigi na Maduka Yake

Msomaji mpendwa, labda umekwisha pita Itigi usiku, umelala ndani ya gari la moshi, ukasikia jina hilo likitajwa dirishani na wauza chai, ukageuka upande wa pili ukaendelea kulala. Basi safari hii shuka. Chukua mzigo wako, kanyaga changarawe za stesheni, tungoje kidogo mpaka pakuche.

Itigi iko katika mkoa wa Singida, kama kilometa 40 magharibi ya Manyoni. Toka hapa kwenda kusini kuna njia ndefu ya Rungwa na Chunya mpaka Mbeya, ambayo miaka ya 1930 ilipitwa na watu wengi waliokuwa wakikimbilia dhahabu ya Lupa. Pande zote ni vichaka vyenyewe vya Itigi, miti mifupi iliyosongamana hata mbuzi huhangaika kupenya. Vichaka hivyo vinajulikana na wataalamu wa mimea wa nchi za mbali, maana mfano wake haupatikani isipokuwa huku kwetu na kule kaskazini ya Zambia. Wenyeji hupata humo asali, na asali ya Itigi mtu akiisha kuionja hasahau. Ardhini kuna mawe ya jasi yapelekwayo kwenye viwanda vya saruji. Na ipo Hospitali ya Mtakatifu Gaspar, kazi ya Mapadre wa Damu Azizi, inayowaleta wagonjwa kutoka mbali sana.

Lakini sikukushusha hapa kwa ajili ya asali. Nataka tuingie madukani.

Mimi nikifika mji nisioujua huanza dukani. Utasema hiyo ni tamaa ya vitu. Labda. Lakini duka litakueleza watu wa mahali wanakula nini, wana fedha mwezi gani, wanamwamini nani. Ukiona duka lenye beseni nyingi, khanga, chupa za chai na vikombe vya plastiki vimepangwa mbele, jua kwamba jirani kuna hospitali, na watu wamekuja kuuguza bila kujua watakaa siku ngapi. Mama ametoka Rungwa na mgonjwa wake juu ya lori, ameacha kila kitu nyumbani. Lazima anunue beseni, sabuni, kijiko na unga wa uji. Huyo hawezi kungoja bei ishuke wala kwenda Manyoni kutafuta nafuu. Niliuliza bei ya beseni katika maduka matatu yaliyofuatana, nikakuta bei ni moja. Katika duka la nne, hatua kama mia mbili mbele, lilikuwa rahisi zaidi. Nilipomwuliza mwenyewe sababu, alicheka akaniambia, “Mzee, hapa kwangu wagonjwa hawafiki.”

Haya, tuanze mwanzo, pale karibu na stesheni.

Wadachi walianza reli hii Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo kelele za chuma zilisikika Itigi katikati ya Dodoma na Tabora, katika miaka hiyo miwili. Na reli ilipopita, duka lilifuata. Kabla ya hapo biashara yote ya bara ilikwenda kwa miguu, kichwani mwa wapagazi. Mfanyabiashara mmoja aliyejulikana sana katika njia hiyo ni Allidina Visram, Mhindi mzaliwa wa Kutch, aliyekuja Zanzibar angali kijana mdogo. Maduka yake yalifuata njia ya misafara toka pwani mpaka Tabora na Ujiji, yakapanda hata Uganda. Alifariki mwaka 1916. Nyuma yake walikuja maelfu ya wenye maduka wadogo, Wahindi na Waarabu, kila mmoja akikaa na watu wake katika stesheni moja, akiuza kaniki, chumvi, sukari, mafuta ya taa na majembe, na kununua nta, asali, ngozi na karanga. Duka lile lile lilikuuzia na likakununulia. Ulishike jambo hilo, maana tutalikuta tena mwishoni.

Baba zetu waliwalalamikia sana wenye maduka wale. Wakati mwingine walikuwa na haki, wakati mwingine walikuwa wamesahau deni. Hata hivyo nani mwingine aliyekubali kwenda kukaa katika vichaka vya Itigi na gunia la chumvi, akingoja msimu wa asali?

Tulipopata Uhuru tulitaka maduka yawe yetu. Mwaka 1962 kiliundwa chombo cha ushirika kilichoitwa COSATA, ili wenye maduka Waafrika wapate bidhaa za jumla bila kupitia mkono wa mwingine. Hakikuendelea vizuri. Kisha likaja Azimio la Arusha, na katika Februari 1967 Serikali ilichukua makampuni makubwa ya kuagiza na kuuza bidhaa, ikayaweka chini ya Shirika la Biashara la Taifa, S.T.C. Shirika hilo lilikuwa kubwa mno, na baada ya miaka michache likagawanywa, kila mkoa ukapata kampuni yake ya biashara. Wazee bado husema “ar-ti-si”, na ukilitaja neno hilo kwa mtu wa miaka sabini utaona macho yake yanatafuta foleni.

Nilikaa barazani na mzee mmoja wa namna hiyo, aliyekuwa na duka dogo karibu na reli kwa miaka mingi. Sasa duka ni la mjukuu wake. Nilimwamkia, “Shikamoo babu,” akaitikia, akanivutia kigoda. Nikamwuliza juu ya mwaka 1976. Pengine, msomaji, ulikuwa hujazaliwa. Katika Februari mwaka ule ilitangazwa Operesheni Maduka, chini ya Waziri Mkuu Rashidi Kawawa. Shabaha yake ilikuwa maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, na mahali pake yafunguliwe maduka ya kijiji. Maduka mengi yalifungwa upesi kuliko mapya yalivyofunguliwa, na baada ya muda si mrefu viongozi wenyewe wakaona shida, wakalegeza.

“Babu, wewe ulifunga?” nikamwuliza.

“Nilifunga mlango wa mbele,” akasema, akanyamaza kidogo. “Mlango wa nyuma una kazi yake.”

Alinieleza kwamba duka la kijiji halikukosa watu waaminifu. Lilikosa mtu anayekosa usingizi chumvi ikipungua. Hilo ni neno lake, nami nimelifikiri sana tangu siku ile. Lakini usidhani yeye huyatukana maduka yale. Alisema bei yake ilikuwa ya haki, na mjane alipata sukari sawa na mwenyekiti, siku sukari ilipokuwapo. Shida ilikuwa siku hizo. Ilikuja vita ya Idi Amin mwaka 1978 na 1979, mafuta yakapanda duniani, fedha za kigeni zikaisha, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukosefu wa bidhaa ulitufikia hasa. Sabuni ilikatwa vipande. Watu walifua kwa majani. Mtu alijenga urafiki na mwenye duka kama vile sasa anavyojenga urafiki na daktari. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi, na watu wengine walioficha bidhaa wakazitupa usiku porini wasije wakakamatwa nazo. Mwaka uliofuata Serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za nje kuagiza bidhaa. Kisha akaja Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye watu walimwita Mzee Ruksa, na madirisha ya maduka yakajaa tena.

Tangu hapo bidhaa za Itigi zina njia moja kubwa, nayo ni Kariakoo.

Kariakoo, Dar es Salaam, ndiyo ghala la nchi. Jina lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi wa vita ya kwanza ya dunia, Carrier Corps, waliokuwa na kambi pale. Jengo kubwa la soko lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na siku zile hata mwenye duka wa Itigi alihesabu hasara yake, kwa kuwa biashara za Kariakoo zimefungamana kama nyuzi za kikapu. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka kwa mgomo katika Mei 2023, na tena Juni 2024, rafu za huku zilianza kuonekana mbao.

Zamani mwenye duka wa Itigi alikwenda Kariakoo kwa gari la moshi, akarudi na mizigo yake kwenye behewa. Aliyekuwa karibu na stesheni ndiye aliyekuwa na nguvu. Katika Julai 2017 Rais John Magufuli alifika hapa hapa Itigi kuifungua barabara ya lami ya Manyoni, Itigi hadi Chaya, kilometa 89. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akafungua kipande kilichobaki, kutoka Chaya mpaka Nyahua, na lami ikaunganika mpaka Tabora. Wewe msafiri ulifurahi, nami nilifurahi. Lakini mtazame mwenye duka la stesheni. Mabasi yanasimama barabarani. Malori yanasimama barabarani. Vijana wamejenga vibanda huko huko, wanauza maji, soda, vocha, matairi yaliyotumika, viatu, chipsi. Na si hayo tu, mteja mwenye fedha kidogo sasa anapanda basi asubuhi, anakwenda Manyoni au Singida hata Dodoma, ananunua nguo za Komunyo ya Kwanza za watoto wake, jioni yuko nyumbani. Lami iliyoleta bidhaa imewabeba na wanunuzi pia.

Mjukuu wa yule mzee amefanya akili. Ameliacha duka la babu yake kuwa ghala, akapanga chumba karibu na lami. Jirani yake ameweka rafu ambazo mteja hujichukulia mwenyewe, na juu ya mlango ameandika kwamba hiyo ni supamaketi. Niliingia. Ina rafu nne na msichana mmoja mwenye kikokotoo. Nilinunua biskuti, nikajiona nimefika Ulaya.

Msicheke. Hizo supamaketi zenyewe, zile kubwa kweli, zimekuwa na mambo yake, nami nataka nikusimulie, maana ni hadithi ambayo wengi wetu hatukuifuata.

Mwaka 2006 pale Dar es Salaam, kwenye ardhi ya Chuo Kikuu, lilifunguliwa jengo la maduka la Mlimani City. Watu walikwenda Jumapili kutembea tu, wapate baridi ya mashine. Ndani yake ilikuwapo Shoprite ya Afrika ya Kusini, na Game, vile vile ya Afrika ya Kusini. Wenye maduka wa mitaani wakasema, tumekwisha. Mwaka 2014 Shoprite ikauza maduka yake kwa Nakumatt ya Kenya, ikaondoka. Nakumatt ilianza kama duka la magodoro mjini Nakuru, ndiyo maana ya jina lake, ikakua mpaka ikawa na maduka zaidi ya 60 katika Afrika ya Mashariki. Lakini ilikua kwa kukopa. Iliwachukulia watu bidhaa, ikauza, ikatumia fedha kufungua duka jingine badala ya kuwalipa. Kufika mwaka 2017 rafu zake zilikuwa tupu, maana hakuna aliyekubali tena kuikopesha hata katoni ya maji. Ikafunga huku kwetu, na mwaka 2020 wenye kuidai wakaamua ivunjwe kabisa. Uchumi, nayo ya Kenya, ilikwisha ondoka Tanzania na Uganda katika mwaka 2015. Na Game ilifunga milango yake ya Dar es Salaam mwaka 2022, ingawa wenye hisa nyingi nyuma yake ni Wamarekani wa Walmart, wafanyabiashara wa rejareja wakubwa kupita wote duniani.

Na lile duka la mtaani, ambalo Dar es Salaam wanamwita mwenye nalo “Mangi” hata kama si Mchaga, lipo palepale. Halikufunga hata siku moja.

Usidhani kwamba mambo huwa hivyo kila nchi. Huko Australia, nchi kubwa yenye mashamba na jangwa, maduka madogo ya vyakula yamemezwa kwa sehemu kubwa. Makampuni mawili, Woolworths na Coles, yanashika kama theluthi mbili ya mauzo yote ya vyakula. Coles ilianza mwaka 1914 kama duka moja dogo mjini Melbourne, na Woolworths ilianza Sydney mwaka 1924. Mwaka 2001 waliingia Wajerumani wa Aldi wakawapunguzia bei, nao wale wawili wakatikisika kidogo lakini hawakuanguka. Wakulima walilalamika kwamba ukiwa na wanunuzi wawili tu, unachukua bei wanayokupa. Wateja nao walilalamika. Serikali ikaamuru uchunguzi, na taarifa yake ya mwisho ilitolewa mwezi wa Machi 2025. (Nieleze kidogo kwa wapendao mambo kama haya: Woolworths ya Australia haina udugu na Woolworths ya Afrika ya Kusini. Wote wawili walichukua jina la Mmarekani mmoja bila kumwomba. Na hao wa Afrika ya Kusini walinunua duka kubwa la zamani la Australia, David Jones, mwaka 2014, wakaliuza mwaka 2023 kwa majuto.)

Kwa nini basi kule majitu yalishinda, na huku yakaanguka? Sababu ni nyingi, kodi ya pango, madeni, bidhaa za kuagizwa toka mbali. Lakini moja ninaijua kwa macho yangu, nami niliiona tena Itigi, nimesimama pembeni ya duka moja jioni, saa ile moshi wa jiko unapoanza kupanda.

Alikuja mtoto wa kike na kikombe. Akataka mafuta ya kula kipimo kimoja. Akaja mwingine, sukari robo na kiberiti. Akaja kijana, sigara mbili. Akaja mama, akasema neno pole pole ambalo sikulisikia, na mwenye duka akavuta daftari lenye jalada lililochakaa, akaandika. Katika nusu saa sikuona mtu aliyenunua kitu kizima. Supamaketi gani itakayofungua chupa ikuuzie vijiko vitano vya mafuta? Supamaketi gani inajua kwamba mume wako yuko porini na mizinga yake na atarudi na asali mwezi ujao?

Basi, msomaji, ungetaka niishie hapa tumsifu mwenye duka la kijiji. Hapana. Vuta karatasi tuhesabu.

Tuseme, kwa mfano tu, lita moja ya mafuta ya alizeti ni shilingi 6,000. Kipimo kidogo ni shilingi 500, na katika lita moja vinatoka vipimo 15. Lita ile iliyopimwa kidogo kidogo imezaa shilingi 7,500. Nyumba inayotumia vipimo viwili kwa siku itatoa shilingi 30,000 kwa mwezi, kwa lita 4 ambazo zingenunuliwa nzima kwa shilingi 24,000. Tofauti ni 6,000. Kwa mwaka ni 72,000. Hiyo ni sare ya shule na madaftari. Ndiyo kusema maskini ananunua mafuta kwa bei kubwa kuliko tajiri, kila siku, na tena anashukuru.

Nilimwonyesha mwenye duka mmoja hesabu hii. Hakukasirika. Alikuwa Mkatoliki, tulianza kwa “Tumsifu Yesu Kristo” na “Milele amina”. Akaniambia, “Sawa, bwana. Sasa andika na haya.” Akaanza kunitajia: mafuta yanayobaki kwenye kipimo, sukari inayomwagika, usiku wa kuamshwa na mtu anayetaka dawa ya kichwa, na daftari. Akanifungulia kurasa mbili. Majina mengi yalikuwa yamepigwa mstari. Mengine hayakupigwa, na alinionyesha moja lililokuwa na zaidi ya mwaka. “Huyu amehama. Watoto wake walikuwa na njaa, nilijua hatalipa.” Nikamwuliza kwa nini alimpa. Akapanga panga vibiriti vyake, hakunijibu.

Lakini ziko kurasa nyingine katika madaftari ya namna hii, na hizo ndizo zinazonitia huzuni. Mtu anakopa tangu Desemba, wakati wa kilimo, na mwenye duka anamwambia, usijali, utanilipa kwa alizeti. Mei na Juni alizeti inakomaa. Kila mtu anavuna, bei iko chini kabisa, na mdaiwa hawezi kungoja. Anapeleka magunia dukani, yamejazwa mpaka yametoa kichwa, ile tunayoita lumbesa, ambayo sheria ya vipimo inaikataza. Mwenye duka anaamua bei ya mafuta aliyokukopesha na bei ya alizeti aliyokununulia. Wewe umesimama katikati huna la kusema. Mbegu zinakwenda kukamuliwa, na miezi michache baadaye mtoto wako anarudi na kikombe chake kununua mafuta yale yale. Unakumbuka nilikuambia juu ya duka la zamani lililouza na kununua? Mwenye duka amebadilika rangi na kabila mara nyingi. Hilo halijabadilika sana. Maandiko Matakatifu yanamkataza mtu kuweka mfukoni mawe mawili ya mizani, zito na jepesi. Mwenye duka wa namna hii hana haja ya mawe mawili. Mwezi wa Desemba na mwezi wa Juni vinamtosha.

Kina mama wa jumuiya ndogo ndogo moja, nje kidogo ya mji, walijaribu kujitoa. Walinisimulia wenyewe baada ya sala, tumekaa chini ya mwembe. Nyumba tano zilichanga kila juma kidogo kidogo mpaka zikapata bei ya dumu moja la mafuta la lita 20. Wakalinunua kwa jumla, wakagawana lita nne nne mbele ya wote. Bei iliwatokea chini hata kuliko ya lita dukani. Wakafurahi, wakanunua la pili. La tatu lilileta maneno. Mmoja alisema kipimo chake hakikujaa. Mwingine mtoto wake aliugua, akachukua mchango wake akampeleka hospitali, na nani angemkatalia? Juma lile hawakununua kitu, wakarudi dukani na vikombe. Nilipowakuta walikuwa wameanza tena, sasa wanapima kwa chupa moja iliyotiwa alama, na fedha zinakaa kwenye simu ya katibu, zikihitaji watu wawili ili zitoke. Pia wamekubaliana kwamba asiyeweza kuchanga kwa ajili ya ugonjwa hatahesabiwa mkosaji. Niliwauliza kama mwenye duka amewachukia. Mama mmoja mwenye maneno akasema, “Baba, ametupunguzia bei ya kipimo. Alituona tunapita na dumu letu mlangoni kwake.”

Nilicheka mpaka wakashangaa. Maana kile ambacho Shoprite na Nakumatt hawakukifanya Itigi, dumu moja limekifanya.

Kuna mambo mengine mapya ambayo watu wanayajadili. Simu imeingia kati: toka M-Pesa ianze hapa nchini mwaka 2008, karibu kila duka ni benki, na mwenye duka wa Itigi anatuma fedha Kariakoo, anapokea mzigo kwenye basi bila kusafiri. Mwezi wa Julai 2025 Serikali ilitoa amri kwamba watu wasio raia wasifanye biashara za aina 15, na biashara ya jumla na rejareja imo, isipokuwa supamaketi na maduka ya jumla ya bidhaa maalumu. Agosti mwaka huo huo, pale Ubungo palipokuwa stendi kuu ya mabasi, kilifunguliwa kituo kikubwa cha biashara kwa mtaji kutoka China, chenye maduka zaidi ya 2,000. Vijana wa Itigi waliniuliza kama bidhaa za huko zitakuwa rahisi kuliko Kariakoo. Yule mzee wa barazani aliuliza swali jingine: je, wanakopesha?

Jioni ya siku ya mwisho nilirudi stesheni. Reli mpya ya umeme, ambayo toka mwaka 2024 inawachukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, inajengwa kupita pande hizi kwenda Tabora, na watu wa zamani wa stesheni wanaisubiri kama wakwe. Hii ya zamani bado inapumua. Kina mama walikuwa wamepanga chupa za asali juu ya ndoo, karanga zilizokaangwa, mayai ya kuchemsha. Yule mzee alikuja akijikongoja na fimbo yake, akakaa kwenye benchi. Nilidhani amekuja kuniaga. Kumbe alikuwa na mtoto wa kitukuu pembeni, na mtoto ameshika sinia lenye pakiti ndogo ndogo za chumvi, viberiti na vidonge vya kichwa.

“Babu, mbona duka lako liko barabarani?” nikamwambia.

“Lile la mjukuu,” akasema. “Hili ni langu. Nunua kiberiti.”

Nikanunua viwili. Akanirudishia chenji yangu kamili, akaihesabu mara mbili kwenye kiganja changu, na gari la moshi likaanza kulia upande wa Manyoni.